Sinia la Chokaa: Siku Nane Tanga

Jumamosi: Morogoro hadi Tanga

Basi liliondoka stendi ya Msamvu saa 12 na nusu asubuhi, nami nikiwa kwenye kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kiti ambacho nilikiomba siku mbili kabla kwa sababu nilikuwa na maswali ya kumuuliza. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari. Mwezi Mei nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu habari za hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, na mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono akauliza kwamba, kama gesi hii imezidi, kwa nini isichotwe hewani kama maji yanavyochotwa kisimani. Nilimjibu kwa maneno ya kitabuni, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Likizo ya Juni ilipofika, Mjomba wa Ngamiani, mtaa wa mjini Tanga, alinipigia simu kusema anaikarabati nyumba ya Babu na anahitaji mtu wa kukaa na mafundi. Nilikubali hapohapo, nikatia ndani ya begi chupa ndogo ya fenolfthaleini, ile dawa isiyo na rangi ambayo hugeuka waridi kali inapokutana na chokaa.

Dereva aliniambia kwamba safari hii humla kama lita 100 za dizeli. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, uzito unaozidi mara tatu uzito wa mafuta yenyewe, na kila mwaka wanafunzi hukataa kuliamini jambo hilo mpaka nitakapowaonyesha kwamba kaboni ya mafuta hujichukulia oksijeni kutoka hewani. Kwa hesabu hiyo basi letu lilitema kilo 270 njiani, na sehemu yangu mimi abiria, tukiwa watu 50, ni kilo tano na ushee. Niliiandika namba hiyo ya 270 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa kuwa nilijua nitairudia.

Kuanzia Kabuku mashamba ya mkonge yalitusindikiza pande zote mbili. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza mwaka 1893, mmea huu umekuwa sura ya mkoa, na mtu anayetafuta mtambo wa kunasa hewa ya ukaa anaweza kusema kwamba ndio huu umejipanga mistari. Lakini nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani. Kilichobaki ni masalia ambayo yakiachwa yaoze huirudisha gesi kule ilikotoka. Hale kulijengwa mtambo wa kuyageuza masalia hayo kuwa gesi ya kuzalishia umeme, na kwingine duniani wapo wanaoyachoma masalia ya mimea kwa hewa haba hadi yawe makaa, kisha wakayafukia shambani, kwa kuwa makaa yaliyofukiwa hukaa muda mrefu sana bila kuoza. Muheza nilinunua machungwa, na saa 8 mchana tukashuka Kange, stendi ya Tanga.

Jumapili: Nyumba ya Babu

"Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Umekuja na miwani ya kusomea au na mwiko?" Ndivyo siku ilivyoanza, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimekwisha kupanda ngazi.

Nyumba imejengwa kwa mawe ya matumbawe, dari yake imelazwa juu ya boriti za mikoko, na kuta zimepigwa lipu ya chokaa na mchanga. Miaka ya karibuni mtu alikuja akaziba nyufa kwa saruji, na saruji hiyo imebanduka vipande vizima ikang'oka na lipu ya zamani. Fundi, mzee wa miaka kama 70 ambaye alijifunza uashi kwa baba yake, alizitazama zile mbandiko kama mtu anayetazama kiraka cha turubai kwenye kanzu. Wiki tatu kabla ya mimi kufika alikuwa ameanza kupiga lipu mpya ya chokaa kwenye ukuta wa uani.

Nilimwomba kipande cha lipu ya zamani na kipande cha lipu mpya. Nilivivunja vyote viwili, nikadondosha dawa penye mvunjiko. Kipande cha zamani hakikubadilika hata kidogo, kikabaki cheupe chenye vumbi. Kipande kipya kiligeuka waridi mara moja, isipokuwa upande wa nje, ambako ulibaki ukanda mweupe mwembamba usiozidi unene wa ukucha. Fundi alikishika, akakigeuza huku na huku kwenye jua, akasema, "Huu weupe ni pale upepo ulipofika." Sijawahi kusikia maelezo mafupi kuliko hayo. Chokaa iliyochanganywa na maji ni haidroksaidi ya kalsiamu. Inapokaa hewani huinywa hewa ya ukaa taratibu, kuanzia nje kwenda ndani, na kugeuka tena kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lilelile lililotiwa tanurini mwanzoni. Ukuta wa Babu umekuwa ukinywa hivyo kwa miongo mingi hadi ukashiba. Binti wa Mjomba, ambaye alikuwa anakatia ndimu samaki, aliukamulia ukuta ndimu nilipomwambia afanye hivyo, na povu dogo likatoka likichemka kwa mlio wa hafifu. Povu hilo ni hewa ya ukaa, iliyokuwa imefungiwa ndani ya lipu tangu Babu akiwa kijana.

Jumatatu: Amboni na Kiomoni

Asubuhi tulikwenda Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, tukiwa na taa za mkononi. Mwongozaji alitupeleka taratibu, akatuonyesha popo, akatuonyesha pahali watu wanapoleta sadaka zao, na mimi nikawa nyuma kila mara nikipapasa kuta. Chokaa ya huku ni mashapo ya bahari ya kale, yenye umri unaotajwa kuwa miaka milioni 150 hivi. Kwa mtu mwenye shughuli yangu, pango ni ghala: katika kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa, kilo 44 ni hewa ya ukaa iliyowahi kuwa huru. Sayari yetu inajua kuiweka gesi hii mahali isikotoroka, ila haina haraka.

Mchana tulifika kwenye tanuri dogo la chokaa upande wa Kiomoni. Hakuna mengi ya kuona: mdomo wa matofali uliokuwa mweusi, rundo la magogo, rundo la mawe, na vijana wanne waliofunga vitambaa usoni. Mmoja wao, aliposikia kwamba mimi ni mwalimu, alinipa jiwe ambalo halijachomwa katika mkono wa kushoto na lililotoka tanurini katika mkono wa kulia, yote mawili yakiwa na ukubwa wa ngumi. La kulia lilikuwa jepesi kiasi cha kunishtua, kana kwamba mtu amelikomba ndani na kuacha ganda. "Moto umekula," akasema. Moto haujala kitu. Umezifukuza zile kilo 44 na kuacha 56. Yule kijana hakuwa na haja ya kemia kulijua hilo, kwa maana yeye hulipwa kwa kupakia mawe mazito na kupakua mepesi.

Niliuliza kuhusu kuni, na hapo mazungumzo yakachangamka, kwa sababu kuni ndiyo gharama yao kubwa. Usiku nilipiga hesabu. Ili tani moja ya hewa ya ukaa itoke kwenye jiwe la chokaa, unahitaji nishati ya kiasi cha gigajuli 4, sawa na joto la kilo 260 hivi za kuni kavu kama tanuri lisingepoteza hata cheche moja, na tanuri lile linapoteza kwa wingi, maana nilisimama hatua kumi kutoka mdomoni na nikatokwa na jasho. Kuni hizo nazo zikiungua hutoa karibu nusu tani nyingine. Nilirudi Ngamiani na mfuko wa chokaa kilo mbili na kichwa kizito.

Jumanne: Sinia

Nianze na aibu yangu. Niliimwagia maji ile chokaa ndani ya beseni la plastiki la mke wa Mjomba, nikiwa nimesahau jambo ambalo nimelifundisha miaka 11: chokaa itokayo tanurini ikikutana na maji huchemka. Mvuke ulipanda, chokaa ikavimba na kupasuka kuwa unga, na beseni likalainika upande mmoja likainama kama chapati. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Kazi hiyo, alisema, hufanywa ndani ya shimo au pipa la chuma. Nilinunua beseni jingine kabla ya adhuhuri.

Unga uliobaki niliutandaza kwenye sinia la bati, unene wa kidole kidogo, nikaunyunyizia maji kidogo na kuliweka kibarazani penye upepo wa kusi. Mjomba alitaka kujua ninaanika nini. Nilimweleza kwamba huko California, katika mji wa Tracy, kampuni ya Heirloom ilifungua mwaka 2023 mtambo ambao kimsingi ni rafu za masinia kama lile, yamepangwa moja juu ya jingine kwenda juu, yote yametandazwa chokaa iliyotiwa maji. Kazi ambayo lipu ya Babu iliifanya kwa miaka, wao wanaifanya kwa siku tatu, kwa kusawazisha unyevu na kuufanya unga uwe laini ili hewa ifike kila chembe. Kisha unga huo ulioshiba hurudishwa tanurini. Tanuri lao ni la umeme, limefungwa, na gesi inayotoka haiendi angani bali hukusanywa. Chokaa nayo hurudi kwenye masinia kuanza upya. Uwezo uliotangazwa wa mtambo ule wa kwanza ni tani 1,000 kwa mwaka.

"Kwa hiyo Wamarekani wamegundua chokaa," Mjomba akasema. Sikuwa na namna ya kumpinga.

Ziko njia nyingine, nazo nilizieleza nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa huku Fundi akiendelea kupiga lipu. Mwanafizikia Klaus Lackner alipendekeza mwaka 1999 kwamba hewa ya ukaa inaweza kunaswa kutoka hewa ya kawaida, na kabla ya hapo binti yake, akiwa mwanafunzi, alikuwa ameonyesha kwa mradi wa shule kwamba pampu ya tangi la samaki na maji yenye magadi makali yanatosha kunasa kiasi fulani usiku mmoja. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwanafunzi wangu na nikaona haya zaidi. Huko Kanada, David Keith na wenzake wa Carbon Engineering, kampuni iliyoanza mwaka 2009, walichagua maji yenye haidroksaidi ya potasiamu yanayotiririka mbele ya mafeni makubwa. Lakini hata wao, ili waitoe gesi kwenye maji hayo, huikabidhi kwa chokaa, wakapata punje za kalsiamu kaboneti, wakazichoma kwenye joto la nyuzi 900. Chokaa imeingia tena kwa mlango wa nyuma.

Waswisi wa Climeworks wao wameikwepa. Mtambo wao wa Orca, uliofunguliwa Septemba 2021 huko Hellisheiði nchini Iceland, hutumia vichujio vikavu vyenye kemikali inayoshika hewa ya ukaa kwa ulegevu zaidi, hivyo joto la nyuzi 100 hivi linatosha kuiachisha, na joto hilo wanalipata kwenye mvuke wa ardhini jirani na mtambo. Gesi ikishatoka, wenzao wa Carbfix huiyeyusha ndani ya maji na kuyasukuma chini kwenye miamba ya basalti, yaani mawe ya volkano. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya jaribio lao: zaidi ya asilimia 95 ya gesi ilikuwa imegeuka jiwe ndani ya muda usiofika miaka miwili. Fundi alisimamisha mwiko aliposikia hilo, akaniuliza nirudie.

Uwezo wa Orca kwenye karatasi ni tani 4,000 kwa mwaka. Dunia hutoa tani bilioni 37 hivi kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, maana yake ni zaidi ya tani 1,100 kila sekunde. Mwaka mzima wa Orca, hata ukifikia uwezo wake, unafuta sekunde zisizofika nne. Ndugu yake Mammoth, aliyefunguliwa 2024, ana uwezo wa tani 36,000, ambazo ni nusu dakika. Kuna watu wanaozitaja namba hizi kwa kejeli. Mimi nadhani kila kitu huanza kidogo, lakini sioni kwamba zinampa mtu yeyote ruhusa ya kuendelea kutoa moshi.

Jioni nilidondosha dawa kwenye chembe za sinia. Zote waridi.

Jumatano: Tongoni

Tulikwenda kwa bajaji, Mjomba na mimi, kwa barabara ya Pangani. Magofu ya Tongoni yana msikiti na makaburi ya nguzo, mengi ya karne ya 14 na 15, na kila kitu kimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Chupa yangu ilikaa mfukoni, kwa kuwa pale ni mahali pa kumbukumbu na pa kuzikia, na si mahali pa kuchokonoa. Nilitazama tu. Penye lipu iliyobaki, kingo zake zimekaza kama kauri.

Mjomba alikaa kivulini chini ya mbuyu akatoa swali ambalo nilikuwa nikilisubiri. "Sasa mpwa wangu, wazee waliojenga hapa, walisafisha hewa au walichafua?" Nilimjibu kwa kirefu. Walipochoma matumbawe, waliachia gesi iliyokuwa ndani ya jiwe. Walipopiga lipu, ukuta ukaanza kuinywa gesi ileile, na baada ya miaka mingi umelipa karibu deni lote la jiwe. Kilichobaki ni deni la kuni, nalo hulipwa kama miti iliota tena. Hesabu nzima ikifungwa vizuri inakaribia sifuri. Nyumba ya Babu, kwa mantiki hiyo, haijaondoa chochote hewani, imerejesha ilichokopa.

"Na wale wenye masinia?" Wao, nikasema, wanauacha unga ukope kutoka hewani, halafu wanaukamata ule mkopo unapotoka tanurini, na hawaurudishi. Alinyamaza kidogo, akichora chini kwa kijiti. "Kumbe kazi yote iko mdomoni mwa tanuri," akasema. "Kunywa, hata ukuta unajua."

Nimefundisha kemia muda mrefu, na sijalisema jambo hilo kwa usahihi huo. Chokaa huinasa hewa ya ukaa bure, usiku na mchana, bila feni. Gharama ni moto wa kuiachisha, na moto huo usipotoka kwenye jua, upepo au mvuke wa ardhini, unazalisha upande huu kile unachokusanya upande ule. Ndiyo sababu Octavia Carbon, kampuni ya Kenya inayonasa hewa ya ukaa, wameshika Bonde la Ufa, kwenye joto la ardhini na miamba ya basalti. Tanga tuna chokaa ya kutosha kujenga mji mara mia, lakini chini ya miguu yetu hakuna basalti ya kuizika gesi, na mimi nisingemshauri mtu alete mtambo hapa leo.

Alhamisi: Mikoko

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri. Ilipokatika, rafiki wa Mjomba alitupitisha kwa mtumbwi kando ya mikoko, akitutajia mchu, mkandaa na mlilana. Fundi, aliyejialika, alikuwa anatafuta kwa macho boriti zilizonyooka, akakumbushwa kwamba siku hizi hazikatwi kiholela. Utajiri wa mikoko uko topeni kuliko matawini: majani na mizizi huzama kwenye tope lisilo na hewa, hayaozi sawasawa, na kaboni hujikusanya kwa karne. Kwa eka moja, ghala hilo huzidi mara kadhaa lile la misitu mingi ya nchi kavu. Ukilichimba tope hilo kufanya bwawa la chumvi, linaanza kuachia. Kama ningepewa fedha leo nizitumie kwa hewa ya ukaa katika mkoa huu, ningezileta hapa zote.

Bahari yenyewe hunywa karibu robo ya gesi tunayotoa, na maji yake yanazidi kuwa na uchachu. Wapo wanaopendekeza kuimwagia chokaa ili inywe zaidi huku uchachu ukipungua. Kwa kemia pendekezo hilo linasimama. Kwa mtu aliyekaa ndani ya mtumbwi jirani na makazi ya silikanti, samaki ambaye ukoo wake umedumu tangu enzi za kabla ya madinosaria, linahitaji majaribio mengi kwanza.

Ijumaa

Baada ya swala nilipita Uwanja wa Mkwakwani, nikasimama getini na daftari. Katika kila chembe 2,400 hivi za hewa, chembe moja tu ni hewa ya ukaa. Ili upate tani moja, hata kama mtambo hauachi kitu, lazima upitishe zaidi ya mita za ujazo milioni 1.3. Weka uwanja wa kawaida wa mita 105 kwa 68: ni hewa yote iliyo juu ya nyasi hadi urefu wa mita 185. Mlinzi aliniuliza ninahesabu viti au vipi.

Mjomba naye alitaka hesabu ya basi. Kilo 270 za hewa ya ukaa zinahitaji kilo 454 za chokaa iliyotiwa maji, ambayo ni mifuko tisa ya kilo 50 na kidogo, kwa safari ya kuja tu.

Jumamosi: Kuondoka

Sinia nililikagua mara ya mwisho saa 11 alfajiri kwa mwanga wa simu. Juu palikuwa pamefanya ganda gumu ambalo halikubadilika rangi lilipodondoshewa dawa. Nilipolivunja kwa ukucha, chini yake waridi lilitokea palepale, ingawa limefifia kuliko la Jumanne. Nilikuwa nimejaribu pia kulipima kwa mizani ya viungo ya binti wa Mjomba, lakini unyevu wa kusi ulizivuruga namba, na sikuziandika. Karibu siku nne, na bado halijashiba nusu. Unene wa kidole kidogo ni mwingi mno, na hakuna aliyekuwa akiugeuza unga.

Fundi alilichukua sinia bila kuniuliza, akaukung'uta unga ndani ya ndoo yake kwa ajili ya kupakia ukuta wa bafu. Mke wa Mjomba alinifungia machungwa ndani ya beseni lililopinda, akasema hilo sasa ni langu. Kipande cha lipu ya Babu nimekifunga kwa karatasi ya daftari, pamoja na ndimu mbili, na shule ikifunguliwa nitamwita yule mwanafunzi mbele ya darasa aikamue mwenyewe.